Hivi hawa wanaolinda makala kwenye tovuti za kujitolea wanawajibika kwa nani?

mwana_wa_mlalo

Wakuu habari za saa hizi. Naomba mwenye kujua anieleweshe maana hili jambo limenikaa rohoni.

Kuna tovuti moja ya maarifa, zile wanazosema mtu yeyote anaweza kuandika na kurekebisha, jina nisilitaje. Mimi ni Msambaa, nimezaliwa na kukulia huku milimani Usambara, na ngoma yetu ya mdumange nimeicheza toka niko mdogo, baba yangu mdogo ni mpigaji. Sasa nikaona ukurasa unaohusu Wasambaa umeandikwa vizuri tu, lugha ipo, kilimo kipo, wafalme wa Kilindi wapo, ila ngoma zetu hakuna hata mstari mmoja. Nikasema ngoja niandike mimi. Nikaenda kwa baba mdogo na wenzie nikakaa nao, nikawarekodi kwa simu wakinieleza ngoma ipi inatangulia, nani anaimbisha na nani wanaitikia, wanawake wanaingia saa ngapi, njuga zinafungwa wapi, zamani walikuwa wanacheza wakati gani na siku hizi imebaki ya harusi na kupokea wageni wa serikali. Nikafungua ukurasa mpya wa mdumange nikaandika yote, nikapanga vichwa vya habari, nikaweka na picha niliyopiga mwenyewe. Nikalala na furaha kweli.

Asubuhi naamka ukurasa haupo. Umefutwa. Sababu mstari mmoja tu, kwamba hakuna vyanzo vya kuaminika na umuhimu wa mada haujathibitishwa. Basi. Hakuna hata ndugu karibu, hakuna rekebisha hapa au ongeza pale. Nikamwandikia admini (msimamizi wa tovuti) aliyefuta kwa adabu zote, nikamwambia vyanzo ni wazee wenyewe na sauti zao ninazo, akinitaka nimtumie namtumia. Akanibandikia lile tangazo wanalowabandikia watu wote, halina hata neno moja linalohusu nilichomuuliza. Nikarudisha makala, wakafuta, nikarudisha tena, nikafungiwa akaunti, wanasema ni vita vya kuhariri.

Kilichoniuma zaidi nilienda kuangalia michango yake huyo bwana. Ni mtu wa vituo vya treni vya Ulaya na wachezaji wa madaraja ya chini ya huko. Kituo cha treni cha kijijini kwao kina ukurasa wake na picha na ratiba, ila ngoma ya kabila zima haina umuhimu. Sasa nauliza, hawa watu nani kawachagua, na mtu ukionewa unaenda kulalamika wapi, halafu kubwa kuliko yote sisi ambao mambo yetu hayajaandikwa kwenye vitabu tufanyeje, tukae kimya mpaka mzungu aje ayaandike ndo yawe kweli?

---

shungi_la_pwani

Pole sana kaka yangu. Usidhani ni wewe tu, haya mambo yana historia ndefu na wakenya tunayajua vizuri.

Mwaka 2010 mwezi wa tatu hapa Kenya kulikuwa na Makmende, yule shujaa wa kwenye video ya kundi la Just a Band. Wiki hiyo nchi nzima ilikuwa ni Makmende, ofisini Makmende, kwenye matatu Makmende, kila mtu anatunga yake, Makmende kafanya hivi Makmende kafanya vile, na Twitter ndo ilikuwa imeanza kushika kasi huku. Wakenya wakaenda kumfungulia ukurasa kwenye Wikipedia ya Kiingereza, ukafutwa. Wakaandika tena ukafutwa tena. Wahariri wa kule walikuwa wanauliza huyu ni nani, mbona hatumjui, na wakenya wanajibu sisi tunamjua, ni jambo kubwa kwetu. Haikusaidia. Uliponusurika ukurasa ni pale magazeti na televisheni za nje zilipoanza kumzungumzia, kwamba hii ndo video ya kwanza ya Kenya kusambaa mtandaoni kwa kiasi kile. Yaani jambo limetokea Nairobi, limeshuhudiwa na watu wa Nairobi, likathibitishwa kutoka ng'ambo ndo likakubalika.

Kwa hiyo swali lako la mwisho mimi ndo nalibeba. Hayo mengine ya nani kawachagua yanajulikana, lakini hilo la chanzo gani kinahesabika ndo penye shida yenyewe.

---

zamu_ya_usiku

Ndugu mwana_wa_mlalo, nakuelewa na pole, ila naomba nikuambie upande wa pili maana mimi nimekaa upande huo miaka mingi, na sisemi kwa kuwatetea.

Hujataja tovuti, na ni haki yako. Nitazungumzia Wikipedia kwa sababu ndo niijuayo na tovuti nyingi za namna hii zimeiga taratibu zake. Kwanza admini hachaguliwi na kampuni. Anapendekezwa, wahariri wenzake wanamjadili, kwenye ya Kiingereza mjadala ule unaenda wiki nzima na wanamchambua kweli kweli, wanafukua kila alichowahi kuandika. Kwenye Wikipedia yetu ya Kiswahili tunawaita wakabidhi, na wako wachache sana, hao hao ndo wanafuta matusi, wanarekebisha sanduku la taarifa, wanajibu maswali ya wageni. Halipwi mtu hata senti.

Sasa fikiria mtu kakaa usiku na ukurasa wa mabadiliko ya karibuni umefunguka mbele yake. Inaingia makala ya msanii chipukizi aliyejiandikia mwenyewe kwamba ni mfalme wa bongo fleva. Inaingia ya mganga na namba zake za simu. Inaingia ya kampuni ya mikopo. Inaingia makala iliyotafsiriwa na mashine haieleweki mwanzo wala mwisho. Mtu kaenda kwenye ukurasa wa mwanasiasa kaandika amefariki na hajafariki. Halafu katikati ya hizo inaingia ya kwako, ya mdumange, haina rejeo hata moja. Yeye anaiona kwa sekunde chache. Hajui kama wewe ni mtoto wa mpigaji ngoma au ni mtu kakaa mahali anatunga. Kwa macho yake zote zinafanana.

Na huo ukali haukuanza hivi hivi. Mwaka 2005 kulikuwa na mwandishi wa habari mmoja wa Marekani, John Seigenthaler, mtu akamwandikia maisha ya uongo kwenye Wikipedia ya Kiingereza, akamhusisha na mauaji ya akina Kennedy, na ule uongo ukakaa miezi minne hakuna aliyeuondoa. Mzee wa watu akaandika gazetini kulalamika, ikawa aibu ya dunia. Kuanzia hapo kule kwenye Kiingereza wasio na akaunti wakazuiwa kuanzisha makala mpya, na maneno ya chanzo, chanzo, chanzo yakawa makali zaidi. Sheria ile inayokuuma leo ilikazwa kwa kumlinda mtu asiandikiwe uongo.

Na sisi Kiswahili tuna yetu. Mwaka 2009 kuingia 2010 Google waliendesha shindano la wanafunzi kuandika makala za Wikipedia ya Kiswahili, zawadi zipo. Makala ziliingia kwa mkupuo, nyingine nzuri, nyingine kazi yake mpaka leo haijaisha, na zawadi zilipotoka wengi hawakurudi tena. Waliobaki na fagio ni wale wachache.

Sasa nikuambie la kufanya. Makala iliyofutwa haijapotea. Maadmini bado wanaiona yote, na kama haukunakili kazi ya mtu unaweza kuomba irudishwe kwenye ukurasa wako binafsi uifanyie kazi kule taratibu, huko hakuna anayekimbilia kufuta. Akaunti ikifungiwa, ukurasa wako wa majadiliano kwa kawaida unabaki wazi, andika pale ombi la kufunguliwa, sema utakachofanya na usimzungumzie yule aliyekufungia, atakayelisoma ni admini mwingine siyo yule. Na ukiona makala imefutwa kwa kuonewa, Wikipedia ya Kiingereza ina ukurasa wa kukata rufaa ya ufutaji, watu wengine wanaangalia upya. Kuirudisha mwenyewe mara tatu ndani ya siku moja ni kujikaanga, pale hawaangalii tena nani ana haki.

Ila lile la kukubandikia tangazo umemuuliza kitu, hapo simtetei mtu. Dakika mbili za kumjibu mgeni zinapatikana. Nimeona watu wazuri wengi wakiondoka, na wengi wao wangevumilia kufutiwa kazi, kilichowaondoa ni kutojibiwa.

---

kalamu_kavu

zamu_ya_usiku umeongea vizuri mkuu lakini kuna mahali umepapita haraka. Umesema kwa macho yake zote zinafanana. Hazifanani! Ya mdumange haifanani na ya mganga, na admini ambaye hawezi kuona tofauti hiyo asiguse kabisa mada za sehemu asizozijua, aache mwenzie aangalie.

Hebu niwape kisa. Mwaka 2007 Jimmy Wales, mwanzilishi mwenyewe wa Wikipedia, alikuwa Cape Town, akapelekwa Gugulethu kwenye bucha moja inaitwa Mzoli's, pale unachagua nyama yako wanakuchomea, muziki unapigwa, wikiendi panajaa watu wa kila rangi. Akapapenda akafungua makala fupi ya sentensi moja hivi. Ndani ya dakika chache admini mmoja akaifuta! Ikarudishwa, ukazuka mjadala mkubwa watu wanavutana, wengine wanasema hii ni bucha tu ina umuhimu gani, mpaka wengine wakaenda kutafuta magazeti na vitabu vya utalii vinavyoitaja, ikabaki. Sasa jiulizeni, mwanzilishi wa tovuti kaandika, na mahali panajulikana Afrika Kusini nzima, na bado aliyefuta hakuchukua hata muda wa kutafuta jina. Ingekuwa ni mtoto wa Gugulethu ndo kaiandika nani angeipigania?

Na siyo Afrika tu. 2018 mwezi wa tano kuna mtu aliandika rasimu kuhusu Donna Strickland, mwanafizikia wa Kanada. Ikakataliwa, vyanzo havitoshi kuonyesha anastahili makala. Mwezi wa kumi mwaka huo huo akapewa Nobeli ya fizikia, mwanamke wa tatu tu kuipata toka ianze, baada ya Marie Curie 1903 na Maria Goeppert Mayer 1963. Siku ile ya kutangazwa dunia inamtafuta, makala hakuna. Wenzake aliopewa nao walikuwa nazo zamani. Hapo pia aliyekataa alikuwa anafuata sheria, sikatai. Ila sheria inayoangalia tu nani kaandikwa na magazeti inarithi upendeleo wote wa magazeti hayo. Kama magazeti hayakuwaandika wanawake wa sayansi, na wewe huwaandiki. Kama wachapishaji hawakuchapa ngoma za Usambara, na wewe unazifuta.

Alafu mkuu umesema maadmini wanachaguliwa na wahariri wenzao kana kwamba hiyo inatosha. Wikipedia ya Kikroatia ilishikwa na kikundi kidogo cha maadmini karibu miaka kumi, wote wanatetea mrengo mmoja wa siasa kali za kulia, wakawa wanasafisha historia ya Ustaše, mafashisti waliotawala Kroatia wakati wa vita vya pili vya dunia, na mambo ya kambi yao ya mauaji ya Jasenovac, na mhariri akipinga anafungiwa. Mwaka 2013 waziri wa elimu wa huko alifika hatua ya kuwaambia wanafunzi wasiitumie. Na wote walichaguliwa kwa kura! Walipigiana kura wao kwa wao, waliopinga walishafungiwa zamani hawana kura. Mpaka ripoti ya Wikimedia Foundation, taasisi inayoendesha Wikipedia, inatoka 2021 kukubali kwamba jamii ile ilitekwa, kizazi kizima cha wanafunzi kilishasoma vile. Kwa hiyo tovuti ya lugha ndogo yenye maadmini wachache ina hatari yake, na hili sisi wa Kiswahili tuliangalie kwa macho mawili, siyo kwamba naona kuna kikundi, nasema tu wachache wakiwa wachache mno hakuna wa kuwauliza.

Na hili la vyanzo. mwana_wa_mlalo ni Msambaa basi nimpe mfano wa kwao. Kuna Habari za Wakilindi ya Abdallah bin Hemedi, iliyochapwa kwa vipande na wamisionari wa Magila mwisho wa karne ya 19 na mwanzo wa karne ya 20. Leo kila mwanahistoria anaitaja na ukiiweka kama rejeo hakuna admini atakugusa. Yule mzee alifanya nini? Aliandika habari zilizokuwa zinasimuliwa, za Mbegha, mwanzilishi wa utawala wa Kilindi, na ukoo wake, na mengine aliyoyaona mwenyewe. Tofauti yake na baba mdogo wako ni mashine ya kuchapia tu.

---

fundi_msaidizi

Mimi naongeza kidogo. Watu wanasahau hawa mamodereta wanafanya kazi ya bure na wakati mwingine wanaofaidika ni makampuni. 2023 mwezi wa sita Reddit, ule mtandao wa majukwaa ya mijadala, walipotaka kuwatoza pesa watengenezaji wa app za nje, maelfu ya majukwaa yalifungwa na mamodereta wake kupinga, na kampuni ikawaambia msipofungua tunaweka wengine. Mwezi ule ule mamodereta wa Stack Overflow, tovuti ya maswali na majibu ya waandika programu, waligoma kwa sababu walikatazwa kufuta majibu wanayohisi yameandikwa na akili bandia. Kwa hiyo na wao wanabanwa toka juu. Ila nakubaliana na kalamu_kavu, kubanwa siyo sababu ya kumnyamazia mgeni.

---

mwana_wa_mlalo

Asanteni sana wote, nimejifunza kuliko nilivyotegemea. Sikujua kama makala bado ipo mahali, hilo peke yake limenipa nguvu. Ombi la kufunguliwa nimeshaliandika.

zamu_ya_usiku nina swali lingine. Hizi sauti za wazee, kweli hazina pa kwenda? Maana mmoja wao ana umri mkubwa na kifua kinamsumbua, nikisubiri mpaka mtu achape kitabu nitakuwa nimemkosa. Na vyanzo vya maandishi kwa ngoma kama hii naanzia wapi, gugo haina kitu cha maana zaidi ya video za harusi.

---

zamu_ya_usiku

Zina pa kwenda. Zipandishe Wikimedia Commons, ile hifadhi ya mafaili inayotumiwa na Wikipedia zote, inapokea sauti na video, ila uwe na ridhaa yao, waambie wazi kwamba mtu yeyote duniani ataweza kuzisikiliza na kuzitumia, na wakubali kwa mdomo wao mwanzoni mwa rekodi. Uandike jina la ngoma, kijiji, mwaka, nani anapiga nini. Hizo hazifutwi kwa hoja ya umuhimu kama makala, Commons wanaangalia zaidi haki za mwenye kazi na kama faili lina manufaa ya elimu, na rekodi ya mzee anayeeleza mdumange manufaa yake yanaonekana.

Kama rejeo la maandishi ndo ngumu. Mwaka 2011 kulikuwa na mradi India na Afrika Kusini, walirekodi wanakijiji wakieleza michezo na vyakula na mila zao, wakatumia zile sauti kama marejeo kwenye makala. Wale wa Kiingereza hawakukubali iwe sheria, wanasema ni utafiti binafsi. Lakini kila Wikipedia ya lugha inajiamulia mambo yake, na hapo kalamu_kavu ana hoja nzito ambayo sina jibu la kuipinga. Kwenye ya Kiswahili tunaweza kulipeleka jambo hili mbele ya jamii tukakubaliana masharti, rekodi iwe wazi, ieleze nani anaongea na wapi, na makala iseme kwamba ni kwa mujibu wa fulani. Mimi niko tayari kuandika pendekezo ukinisaidia na huo mfano wako.

Kwa maandishi anza na TaSUBa, Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, wanafundisha ngoma za asili na wanafunzi wao wanafanya tafiti. Halafu idara ya sanaa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, uliza tasnifu, tasnifu ya uzamivu (PhD) inakubalika kama chanzo mahali pengi hata kama haijachapwa kitabu. Pita na Kijiji cha Makumbusho pale Kijitonyama uwaulize wana nini cha Wasambaa. Magazeti ya zamani pia yapo kwenye maktaba ya chuo, ngoma zilizokuwa zinaenda kwenye sherehe za kitaifa zilikuwa zinaandikwa. Ukipata hata viwili vinavyoieleza kwa aya nzima nzima, siyo kuitaja jina tu, makala inasimama.

---

shungi_la_pwani

Na mimi naomba niwepo kwenye hilo pendekezo. Nina bibi wawili wa hapa Mombasa wanaojua nyimbo za unyago na hakuna aliyewahi kuwaandika, nikipata masharti ya rekodi naanza nao wiki hii kabla ya shule kufunguliwa.

---

mwana_wa_mlalo

Karibu sana dada. zamu_ya_usiku nitumie huo mpangilio wa ridhaa kwa ujumbe wa ndani, jumamosi naenda kwa wazee na nitamwanzia yule anayeumwa kifua.